Mashine ya kukimbilia nyumbani kwa maandalizi ya marathoni: nichukue ipi kati ya hizi?

Mama Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 38, nakimbia mwaka wa sita sasa. Marathoni yangu bora ni 3:31 (saa tatu na dakika 31) na ninataka kufika 3:20. Kabla ya hapo nitakimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi.

Tatizo ni muda. Natoka kazini saa mbili usiku, mume wangu ni mtu wa safari, na watoto wawili (miaka 6 na 3) wanakuwa wameshalala. Kukimbia saa hizo pembeni ya Barabara ya Bagamoyo nimejaribu na nimeacha: giza, bodaboda zinapita upande wowote, mbwa, na wanaume wanaonifuata kwa maneno. Kwa hiyo nje nabaki na Jumamosi na Jumapili. Siku nne za katikati ya wiki, kama kilomita 45 kati ya 75 zangu, zitakuwa ndani.

Nimepata hizi tatu:

Ya kwanza ni mpya, ya kukunja, ipo Kariakoo. Boksi limeandikwa 3.5 HP (nguvu ya farasi). Mkanda ni sentimita 45 kwa 125, mwendo wa juu kilomita 14 kwa saa, uzito kilo 48. Milioni 1.6.

Ya pili imetumika, inatoka jimu iliyofungwa. Mkanda 55 kwa 155, inafika 20 kwa saa, uzito kilo 190. Milioni 4, na muuzaji mwenyewe anasema mkanda umechoka.

Ya tatu, kaka yangu yuko Texas, anaweza kuninunulia Horizon 7.4 AT na kuisafirisha kwa meli. Watu wa Marekani wanaisifu sana.

Sitaki kununua mara mbili. Nisaidieni.

Fundi wa Mota

Dada, kabla ya yote rudi Kariakoo, pindua ile mashine au mwombe muuzaji afungue kifuniko cha mbele, usome kibati cha mota. Boksi achana nalo. Kwenye kibati utakuta volti na ampea. Zidisha, kisha gawanya kwa 746, hapo unapata nguvu ya farasi ya kweli. Hizi mashine nyingi huandikwa nguvu ya kilele, yaani ile ambayo mota inaweza kuigusa kwa sekunde chache tu. Wewe unahitaji nguvu inayodumu, kwa sababu saa nzima mota itakuwa inapigana na uzito wako kila mguu unapotua.

Na kilo 48 kwa mtu anayekimbia kilomita 45 kwa wiki? Hiyo itatembea sebuleni. Mashine ya kukimbia kweli huanzia kilo 100 hivi, kwa sababu uzito ni fremu, na fremu ndiyo inayozuia mtikisiko.

Kocha Arusha

Mimi naangalia pesi kwanza, yaani dakika unazotumia kwa kila kilomita. 3:20 ni dakika 4:44 kwa kilomita, sawa na kilomita 12.7 kwa saa. Hapo mashine ya 14 itaonekana inatosha. Lakini vile vipande vya mazoezi ya kasi, vya kilomita moja moja, lazima ukimbie kama 4:10, na hiyo ni 14.4 kwa saa. Mashine imeshaisha kabla hujaanza kazi. Na mota inayofanya kazi kwenye kikomo chake kila Jumanne haimalizi mwaka.

Mkanda wa sentimita 125 ni wa kutembea. Ukichoka hatua hurefuka nyuma, na ukianza kuogopa kukanyaga mwisho wa mkanda utafupisha hatua bila kujua, kisha ukirudi barabarani mwili unakuwa umejifunza mbio nyingine. Usishuke chini ya sentimita 150.

Kuhusu kikomo cha 19 au 20 usihangaike, ni nyingi kwako. Ila nawaambia vijana wangu: Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia kule Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, wastani wake ulikuwa kilomita 19.5 kwa saa, katika joto, kwa masaa mawili. Mashine nyingi nzuri za nyumbani za Marekani zinaishia maili 12 kwa saa, yaani kilomita 19.3. Bingwa wetu asingeweza hata kukimbia mbio zake mwenyewe juu yake.

Mkimbiaji wa Rongai

Hujambo dada. Niko Nairobi, na jambo ambalo sioni mkitaja ni stima. Mwaka juzi nilikuwa kwenye mashine ya mota, niko 15 kwa saa, stima ikapotea. Mkanda ulisimama, mimi sikusimama. Nilipasua kidevu kwenye paneli. Tangu hapo nilihamia ile mashine iliyopinda, isiyo na mota, unayoiendesha kwa miguu yako mwenyewe. Stima ipotee, irudi, wewe unaendelea.

Lakini niseme ukweli wake wote. Pesi ile ile ni ngumu zaidi juu yake, mapigo ya moyo yanapanda. Huwezi kuiwekea 12.7 ukatulia hapo, kasi inaenda na pale unapokanyaga: ukisogea mbele inaongezeka, ukirudi nyuma inapungua. Kwa vipande vifupi ni tamu sana. Kwa dakika 70 za pesi ya marathoni mimi huona inanichosha kwa namna ambayo barabara hainichoshi.

Kocha Arusha

Nakubaliana. Na kwa dada huyu kuna sababu nyingine: iliyopinda haina kipandio, yaani kifaa cha kuinua mkanda uwe kama mlima, unachokiweka asilimia unayotaka. Nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka, kilomita kwa kilomita. Mtu wa Tegeta hana mlima wa namna hiyo karibu. Mashine yenye mwinuko itampa dakika 40 za kupanda asilimia 4 hadi 5 bila kusafiri. Kushuka atafanyia nje, maana mapaja yanavunjwa na mteremko na mashine nyingi hazishuki.

Bi Maskati

Assalaam aleikum. Mie nipo Maskati, na huku kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa kukimbia nje mchana ni hatari, hata usiku joto halishuki. Nimekimbilia ndani miaka saba. Niliyonayo ni Sole F80: mota ya 3.5 inayodumu, mkanda 56 kwa 152, mwinuko hadi asilimia 15. Imenivumilia. Lakini nilichojifunza khasa hakihusu jina la kampuni.

Kwanza upepo. Nje unapokimbia, mwendo wako wenyewe unakupuliza. Ndani umesimama ndani ya joto lako. Nunua feni kubwa ya sakafuni, ile ya mafundi au ya ukumbini, iweke mbele yako kifuani. Kile kifeni cha kwenye paneli hakifai kitu. Nilipoweka feni ya kweli, mapigo yangu kwa pesi ile ile yalishuka wiki hiyo hiyo.

Pili, mafuta. Silikoni tupu, asilimia mia, chini ya mkanda, kila miezi mitatu au mapema zaidi kwa kilomita zako. Usitie mafuta ya kupikia wala ya kulegeza kutu, yanakula mkanda. Mashine nyingi za jimu zina ubao uliopakwa nta kiwandani, hizo hazitiwi mafuta, basi uliza. Na nyie wa pwani kama sisi, chumvi: futa jasho kila ukimaliza, tia shuka juu, usiiweke baraza inayopigwa na upepo wa bahari.

Mama Tegeta

Shukrani sana, bibi, na wote. Leo nimepita Kariakoo wakati wa chakula cha mchana. Kibati: volti 220, ampea 5. Nimezidisha na kugawa kama fundi alivyosema. Moja na nusu, kwenye boksi lililoandikwa tatu na nusu. Nimeondoka.

Imebaki ya jimu na ile ya Texas.

Dakota wa Minneapolis

Salamu kutoka Minnesota. Baridi imefika nyuzi 22 chini ya sifuri wiki hii, kwa hiyo mimi na mashine yangu tunaonana kila siku. Ninayo hiyo hiyo Horizon 7.4 AT na ninaipenda: mota ya 3.5 inayodumu, mkanda 56 kwa 152, na vitufe vya kuzungusha vinabadilisha mwendo haraka kuliko kubonyeza bonyeza. Kwa vipande vya kasi hilo ni jambo kubwa.

Lakini dada, usimtume kaka yako. Zinazouzwa madukani huku ni za volti 120. Huko ni 230. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme ya wati 3,000 hivi, iliyotengenezwa kwa hezi 50, inayounguruma pembeni kila usiku. Ukiichomeka kwa bahati mbaya moja kwa moja ukutani, umeunguza bodi. Na bodi ikiungua, dhamana imebaki Texas. Ukiipenda sana, tafuta ya volti 220 hadi 240 kupitia Dubai au Afrika Kusini.

Kwa wanaodhani mashine haimwandai mtu: mwaka 2000, Christine Clark, daktari na mama wa watoto wawili aliyeishi Anchorage, Alaska, alishinda mbio za Marekani za kuchagua timu ya marathoni ya Olimpiki kwa 2:33:31. Sehemu kubwa ya maandalizi yake ya kipupwe aliifanya juu ya mashine ya kukimbilia. Kisha Sydney akakimbia haraka zaidi, 2:31:35.

Na watoto wako. Mwaka 2021 Peloton Tread+ iliondolewa sokoni Marekani baada ya mtoto kufariki na wengine kujeruhiwa kwa kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma. Hatari hiyo ipo kwenye mashine yoyote yenye mkanda. Ile funguo nyekundu ya kamba, ambayo ikichomoka mashine inasimama na bila hiyo haiwaki, usiiache kwenye mashine hata usiku mmoja.

Fundi wa Mota

Basi twende kwenye ya jimu, maana ndiyo ninayoiona inakufaa, ila mashine iliyotumika inaweza kuwa na afya au ikawa maiti iliyopakwa rangi.

Washa, omba wakuonyeshe masaa na kilomita kwenye kumbukumbu ya paneli. Fungua kifuniko cha mbele: vumbi jeusi jingi maana yake mkanda unajisaga. Pitisha kiganja chini ya mkanda mashine ikiwa imezimwa. Ukigusa ubao na kukuta bonde katikati, ubao umeliwa. Usikate tamaa hapo, mbao za baadhi ya mashine za jimu zinageuzwa upande wa pili. Kisha iweke kilomita 5 kwa saa, utembee huku ukijizuia kwa visigino. Mkanda ukisita, kitu hakishiki. Mwisho, nenda na fundi mwenye mita ya kubana waya apime ampea wewe ukiwa unakimbia juu. Ampea zikizidi zilizoandikwa kwenye kibati, mkanda na ubao vinaiumiza mota, na bei lazima ishuke.

Nyumbani, ipe laini yake peke yake na breka yake, waya mnene, na ethi ya kweli, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Sizungumzii ethi ya picha tu kwenye soketi. Usitumie ekstensheni ya dukani.

Mama Tegeta

Umeme utanila kiasi gani?

Fundi wa Mota

Kwa uzito wako na mwendo wako, chukulia uniti 0.8 hadi 1 kwa saa, na feni ndani yake. Masaa manne kwa wiki ni uniti nne. LUKU ya elfu kumi inakupa kama uniti 28. Hesabu mwenyewe, ni wiki saba.

Kocha Arusha

Ukishaipata, usiamini namba ya kwenye paneli, hasa ya mashine iliyotumika. Pima urefu wote wa mkanda kwa futi kamba, uweke alama ya chaki pembeni, mtu ahesabu mizunguko 50 wewe ukiwa unakimbia, maana mkanda hupungua mwendo ukibeba mtu. Mfano, mkanda wa mita 3.30 kwa mizunguko 50 ni mita 165. Kwa 12 kwa saa inatakiwa iwe sekunde 49.5. Ikichukua 52, unakimbia 11.4 na paneli inakudanganya.

Na weka mwinuko wa asilimia 1 kwa mbio zako za kawaida. Andrew Jones na Jonathan Doust walipima Uingereza mwaka 1996 wakaona hiyo ndiyo inayofanana na gharama ya kukimbia barabarani, kwa mwendo wa kati ya kilomita 10.5 na 18 kwa saa. Wewe uko katikati kabisa.

Mama Tegeta

Wakuu, narudi baada ya siku tisa.

Nilienda na fundi wa umeme mwenye ile mita. Ampea zilizidi, na ubao ulikuwa na bonde nililolisikia kwa kiganja kama alivyosema Fundi. Nikamwonyesha muuzaji. Tumemalizana milioni 2.9, mkanda mpya juu yangu, ubao tumeugeuza. Vijana sita waliibeba kutoka kwenye kirikuu hadi chumba cha nyuma, chini, sakafu ya zege. Laini ya umeme imevutwa peke yake na ethi imechimbiwa upya.

Nimepima mizunguko 50 mara tatu. Paneli ikisema 12, ninakimbia 11.7. Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: pesi yangu ya marathoni ni 13.0 ya paneli.

Jana saa tatu usiku nimefanya kilomita moja mara sita kwa 4:10, feni kifuani, mlango umefungwa kwa ndani. Ya sita ilikuwa sawa na ya kwanza. Sikuwa nimemaliza kazi kama ile tangu niache kutoka usiku.

Funguo nyekundu nimeitundika msumarini juu ya kabati. Kaka wa Rongai, ninapokimbia nabana kamba yake kwenye fulana kila dakika, na kidevu chako nimekikumbuka.

Mkimbiaji wa Rongai

Asante dada. Stima ikipotea, shika vyuma vya pembeni kwanza, halafu ndiyo uweke miguu kando. Jizoeze mara mbili tatu ukiwa unatembea, mikono ijue njia.