Naomba ushauri: nina chuma pajani, nataka kurudi kwenye baiskeli

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nina miaka 41. Mwezi wa tatu nikishuka na baiskeli kutoka Kibosho, huko mlimani, bodaboda aliingia barabarani bila kuangalia, nikavunjika paja la kulia. Nikawekewa chuma na skrubu, nikatembelea magongo wiki 12. Sasa natembea mwenyewe, ila kwenye ngazi bado nachechemea.

Eksirei ya mwisho daktari alisema mfupa umeunga, nianze taratibu. Taratibu ndiyo nini sasa? Hakufafanua, foleni ilikuwa ndefu.

Jumamosi nilisimamisha baiskeli kwenye stendi uani, nikajaribu kukanyaga. Pedali ikifika juu goti linagoma, nyonga inanyanyuka upande. Nikapandisha siti upana wa vidole viwili, ikazunguka. Dakika 8 tu, jasho chapachapa! Paja lenyewe limekonda, suruali inapwaya upande mmoja. Mke wangu anacheka, mimi sicheki.

Mliopitia haya, mlianza na dakika ngapi, na mliongezaje? Nafikiria barabara ya TPC (kule kiwanda cha sukari) kwa kuwa ni tambarare, Kibosho isubiri kwanza. Kuna aliyeendesha chuma kikiwa bado ndani, au mlisubiri kitolewe? (Kliniki narudi mwezi ujao, nitamuuliza daktari pia.)

Na hili naona aibu kidogo kulisema. Nikisikia pikipiki nyuma yangu, hata nikiwa kwa miguu, vidole vinabana breki ambazo hazipo. Hiyo hofu mliitoaje?