Fundi ameniangushia picha ya marehemu baba, sasa ananiambia "ni picha tu"

Wadau, naandika hii nikiwa na hasira na sitaificha. Alhamisi alfajiri, saa kumi na moja kasorobo, tuliamshwa na kishindo sebuleni hapa Migosi, Kisumu. Nilidhani ni wezi. Kuwasha taa, namkuta mama yangu ameshafika mlangoni, leso begani, miguu mitupu, na vipande vya kioo vimetapakaa hadi chini ya meza. Hakuuliza ni nini kimeanguka. Aliuliza, "Baba yenu yuko wapi?"

Baba alikuwa kifudifudi nyuma ya kochi.

Hiyo picha ilipigwa 1974. Baba amesimama gatini hapa Kisumu, nyuma yake ni MV Uhuru, ile meli ya kuvusha mabehewa ya treni ziwani, naye amevaa kofia ya kazi, enzi reli bado ni ya Afrika Mashariki nzima, kabla jumuiya haijavunjika 1977. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, sentimita 30 kwa 40 hivi. Negativu haipo. Studio iliyoipiga ilifungwa zamani. Nakala ni hiyo moja tu duniani, na imehama nasi nyumba nne bila kupata mkwaruzo.

Sasa mnisikilize, maana najua kuna mtu atasema nilimwachia fundi kazi ya kutundika picha ukutani bila maelezo. Jumapili nzima kabla hajaja nilikuwa sakafuni. Nilikuwa na picha saba: ya baba, ya harusi ya wazazi, mahafali ya watoto wawili, mchoro wa wavuvi, na mbili za karatasi ya gugumaji nilizonunua ufukweni Dunga. Nilizipanga kwenye zulia kwanza, nikahamisha hii, nikarudisha ile, mpaka macho yakatulia. Kisha nikakata gazeti kwa kipimo cha kila fremu, nikabandika vipande hivyo ukutani kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi, na kwenye kila kipande nikatia msalaba mwekundu mahali ambapo msumari unapaswa kukaa.

Hiyo misalaba sikuibahatisha. Katikati ya picha inafaa iwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, ndipo macho ya mtu aliyesimama yanapofika bila kuinua shingo, na ndiyo kanuni inayofuatwa hata kwenye kumbi nyingi za maonyesho. Fremu ya baba ina urefu wa sentimita 80, kwa hiyo nusu yake ni 40. Waya wa nyuma ukiuvuta juu kwa kidole mpaka ukaze, unabaki sentimita 10 chini ya ukingo wa juu. Basi 145 ujumlishe 40 utoe 10, unapata 175. Hapo ndipo ndoano inapokaa. Chini ya fremu inabaki nafasi ya sentimita 20 hadi mgongo wa kochi, na kati ya fremu na fremu nilikuwa nimeacha 5. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu juu ya gazeti. Mtoto wa darasa la sita angeweza kufuata.

Kwa nini nisingemaliza mwenyewe? Kwa sababu sina drili, na kwa sababu nilitaka fremu nzito ishikwe na mtu anayeijua kazi. Tukapatana shilingi 4,500, nikatuma nusu kwa M-Pesa asubuhi aliyokuja.

Nilitoka kwenda kazini, mama akabaki naye. Niliporudi saa kumi jioni, magazeti yangu yote yalikuwa yamekunjwa ndani ya ndoo ya taka. Fundi anasema alidhani ni takataka za mtu wa rangi. Misalaba myekundu! Vipimo vimeandikwa! Picha zilikuwa zimepanda juu karibu na dari, mama yangu mwenye miaka 78 anainua kidevu ili aione sura ya mume wake. Nafasi kati ya fremu, hapa vidole viwili, pale kiganja kizima. Ya harusi imeinama upande wa kushoto. Pima maji alikuwa nayo mkobani, niliiona kwa macho yangu, na drili pia alikuwa nayo. Hakuna alichokitoa. Alitumia nyundo peke yake.

Nikamwambia arudie. "Madam, leo nimechelewa, nitakuja Ijumaa nikurekebishie." Nikakubali na kumtumia hela iliyobaki. Hapo nilikosea, nakiri.

Asubuhi ile ya Alhamisi niliuokota msumari sakafuni. Wadau, ulikuwa na urefu wa inchi moja. Ukuta wetu ni wa matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta, na plasta pekee ina unene wa sentimita moja na nusu hivi. Ondoa sehemu ya msumari iliyobaki nje kushika waya, ina maana msumari ulishikwa na plasta tu, tofali haukuligusa vizuri. Kioo cha milimita 3 chenye ukubwa wa 60 kwa 80 kina uzito wa zaidi ya kilo tatu na nusu peke yake, na hujaweka mbao. Niliipima fremu nzima kwenye mizani ya bafuni, kilo sita. Kilo sita juu ya msumari wa inchi moja uliopigiliwa kwenye mchanga na simiti kavu! Tundu lenyewe limemeguka likawa pana kama sarafu ya shilingi kumi. Kazi hiyo ilitaka drili, biti ya ukutani ya milimita 6, rolplagi, ile plastiki ya kushikia skrubu, iingie mpaka ndani ya tofali, kisha skrubu. Na fremu pana kama hiyo ilitaka ndoano mbili ili isicheze. Ni kazi ya dakika kumi.

Kuna la kutisha zaidi. Msumari wa picha moja ya mahafali aliupiga wima juu ya swichi ya taa. Paipu ya nyaya hupanda ukutani moja kwa moja kutoka kwenye swichi, kila fundi analijua hilo. Nilimwita fundi wa stima aje aangalie, akakuta paipu ya plastiki imepasuka na msumari umesimama kando ya waya. Volti 240, mama yangu yuko nyumbani peke yake mchana kutwa.

Nikidhani nimeona yote, nikageuza fremu ya baba. Yule aliyenitengenezea fremu mwaka jana, hapa hapa mjini, nilimlipa aweke kadi iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse picha. Hakukata dirisha lolote. Alibandika picha juu ya kadi na kukilaza kioo juu ya uso wake. Na huu unyevu wetu wa ziwani, mvua za masika zote zimepita hapo ndani. Uso wa picha umeganda kwenye kioo. Kipande kimoja kikubwa bado kimeshikana na bega la baba na nusu ya kofia. Nilipokijaribu kidogo kwa ukucha, ngozi ya juu ya picha ilianza kunyanyuka pamoja nacho, nikaacha, mikono ikitetemeka.

Nilimpigia fundi. Maneno yake: "Madam, hiyo ukuta yako ni mbaya. Na si ni picha tu? Glasi nitakununulia." Tangu hapo yuko mteja, simu yake haipatikani. Simu ya mtengeneza fremu inaita tu.

Sitaji majina, nitafuata hela yangu kwa njia nyingine. Ila nyinyi mnaojiita mafundi na mnasoma hapa: mkiona alama kwenye ukuta wa mtu, ulizeni. Kuuliza ni bure.

Ninachohitaji leo ni kimoja. Nimesoma kwamba picha iliyoganda isibanduliwe kwa nguvu, ipigwe nakala kwanza ikiwa bado kwenye kioo hicho hicho. Je, kuna mtu Kisumu, au hata Kakamega, mwenye skana ya kulaza picha inayofika ukubwa wa A3? Nimeilaza kitandani kwangu juu ya shuka safi, uso juu, mlango umefungwa. Nitaibeba mwenyewe popote mtakaponielekeza, kwa teksi, si kwa bodaboda. Mama anaulizia kila jioni kama nimepata mtu.