Bata mgeni bwawani: nimemkosa, nirudi tena?

Mkaa_Kimya: Wakuu habari zenu. Kuna bata mgeni ametua bwawani, sio wa huku kabisa, na habari imesambaa watu wanamiminika. Nilienda alfajiri na darubini nikamkuta kando ya matete amelala, mdomo kauchomeka kwenye manyoya ya mgongo, nikasema ngoja aamke nimwone vizuri. Nimekaa kama saa nzima hivi, akatokea jamaa na kamera akashuka mpaka ukingoni, bata akanyoosha shingo juu na kabla jamaa hajasogea hatua mbili tayari ameruka, na wenzake wote nyuma yake. Niliumia sana. Huwa wanarudi palepale? Halafu mmoja pale alisema huyo ni wa kufugwa katoroka tu, hilo linajulikanaje?

Mzee wa Darubini: Pole mkuu. Rudi, tena jioni hiihii. Bata akishapata maji yenye chakula anaweza kung'ang'ania hapo siku kadhaa hata wiki, ila akikurupushwa kila siku atahama. Huyo kafika amechoka, mafuta ya mwilini kayamaliza njiani, kila akiruka bure anapoteza nguvu anazozihitaji. Hiyo shingo kunyooka ndio anakuambia umesogea mno, ukiiona simama hapohapo kisha rudi nyuma polepole. Na huyo jamaa wa kamera mngemwambia, kwa upole lakini mngemwambia.

bawa_jeupe: Kuhusu kutoroka, angalia miguu na mabawa. Bata wa kufugwa wengi huvalishwa pete, wengine hukatwa ncha za mabawa, na mara nyingi hawaogopi watu. Mwaka 2018 kule New York alitokea bata wa Mandarin pale Central Park, asili yao ni Asia Mashariki, watu wakajaa kumtazama lakini mguuni alikuwa na pete, ikaonekana katoka kwa mfugaji. Ila angalizo, watafiti nao huvisha ndege wa porini pete, zenye namba, ukiisoma namba iripoti. Na kukosa pete peke yake hakuthibitishi kitu. Wako ameruka mapema hivyo, mimi hiyo inanipa moyo.

Mkaa_Kimya: Asanteni sana wakuu. Picha zangu zina ukungu, nizifute?

Mzee wa Darubini: Usifute! Yule tai wa baharini wa Steller, kwao ni mashariki ya mbali ya Urusi na Japani, alionekana Alaska 2020 halafu 2021 akaibukia mashariki mwa Kanada, na watu walijua ni yuleyule kwa kulinganisha madoa meupe ya mabawa kwenye picha. Bawa lililofunguka hata likiwa na ukungu linasema mengi.

Mkaa_Kimya: Wakuu amerudi!! Nilikaa chini nyuma ya kichaka, jua linazama, akapanda kwenye gogo lililozama kidogo majini akainua mguu wa kushoto kujikuna kidevu, nimeuona wote, hauna pete. Wa kulia ulikuwa ndani ya maji. Kesho alfajiri niko pale.