Tupeane uzoefu: Profesa Ke Jun na sisi tuliosomea metali

Ndugu wanajamvi, salaam. Ningependa sote tuliosomea metali, au tunaozifundisha, tueleze hapa ni wapi kazi ya Profesa Ke Jun, mtaalamu wa metali kutoka China, ilitukuta. Naanza mwenyewe.

Nilisomea metali Beijing, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1952 kikiwa Chuo cha Chuma na Feleji, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Beijing. Ke Jun alikuwa miongoni mwa walioijenga idara ya fizikia ya metali hapo. Alizaliwa Changchun mwaka 1917, akahitimu kemia katika Chuo Kikuu cha Wuhan mwaka 1938, nchi yake ikiwa tayari imevamiwa na Japani. Mwaka 1944 alikwenda Uingereza, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1948 na kubaki hapo akifundisha kwa miaka kadhaa, kisha akarejea nyumbani, ambako vyuo na viwanda vilikuwa vinaanza upya.

Utafiti uliompa jina unahusu beinaiti, mpangilio mmojawapo wa ndani wa feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Feleji iliyopashwa moto hadi ikawa nyekundu, ukiiacha ipoe taratibu, hutoka laini kiasi. Ukiitumbukiza majini hugeuka ghafla kuwa martensaiti, ambayo ni ngumu sana lakini huvunjika upesi. Kati ya hali hizo mbili, kwenye nyuzi 250 hadi 550 hivi za Selsiasi, ndipo beinaiti hujitengeneza. Wataalamu walikuwa wakiuliza kama atomi za chuma huhama moja moja hadi mahali papya, au husogea zote kwa pamoja. Ke Jun na mwenzake S. A. Cottrell waliisugua sampuli mpaka ikang'aa kama kioo, wakaitazama kwa hadubini ikiwa ingali ya moto, wakaona uso wake ukiinuka na kuinama kadiri beinaiti ilivyokua. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1952, yalionyesha kwamba atomi za chuma husogea pamoja, karibu kama inavyokuwa katika martensaiti. Wapo waliolipinga jambo hilo kwa miongo mingi, na ubishi wao ulikuwa na hoja. Hata hivyo mimi naona ushahidi wa uso ulioinuka haujawahi kupata jibu la kutosha.

Kosa langu mimi lilikuwa dogo lakini lilinifundisha. Katika ripoti ya kwanza ya maabara niliandika kwamba nimeona martensaiti, kumbe nilikuwa nimeona mikwaruzo niliyoiacha mwenyewe kwa kusugua vibaya. Msimamizi alinirudishia sampuli bila kusema neno. Niliisugua tena kwa siku mbili, na nilipoitazama, kile nilichokwisha kukiandika hakikuwepo.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa ufundi, Arusha

Shikamoo mleta mada, na ahsante kwa kulifungua jambo hili. Mimi sikufika China. Kabla ya kufundisha nilifanya kazi katika kiwanda cha zana za kilimo, na mwaka mmoja majembe yetu yalirudishwa kwa wingi kwa sababu yalikuwa yakipasuka yanapogonga mawe. Tulikuwa tunayatoa kwenye tanuru na kuyatia majini moja kwa moja. Mhandisi mmoja alitushauri tuyatie kwanza katika chumvi iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 350 hivi, yakae humo kwa muda aliotupimia, ndipo yapoe. Yalitoka magumu ya kutosha, na ukiyapiga nyundo yalijikunja kidogo kabla ya kupasuka. Nilimwuliza ni kitu gani kilichobadilika ndani, naye ndiye aliyenitajia beinaiti na jina la Ke Jun kwa mara ya kwanza. Hadi leo wanafunzi wangu huanza kwa kuvunja vipande viwili, kimoja cha maji na kimoja cha chumvi, kabla sijawaandikia chochote ubaoni.

Mchangiaji wa tatu, mhifadhi wa makumbusho, Bukoba

Ndugu zangu, mimi nilimfahamu Ke Jun kupitia shoka. Mwaka 1972 katika kijiji cha Taixi, eneo la Gaocheng, jimbo la Hebei, kilichimbuliwa kichwa cha shoka la shaba nyeusi la enzi ya Shang, chenye makali ya chuma. Wapo waliosema kwamba chuma kile kilikuwa kimeyeyushwa kutoka kwenye mawe ya madini, jambo ambalo lingeirudisha historia ya uhunzi wa China nyuma kwa karne nyingi. Ke Jun na wenzake walichunguza makali yale, yaliyokuwa karibu kutu tupu, wakakuta nikeli na kobalti zimebaki ndani ya kutu kwa matabaka, kama zilivyo katika vimondo. Chuma kile kilikuwa kimetoka angani. Lingekuwa jambo rahisi kukubali habari iliyoipa nchi yao sifa kubwa zaidi, lakini wao walichapisha kile ambacho kutu ilionyesha.

Nililisoma hilo wakati nikipanga maonyesho ya tanuru za Wahaya. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 juu ya wazee wa Kagera waliowasha tena tanuru na kuyeyusha chuma kwa hewa ya mivukuto iliyopashwa moto kwanza. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye sifa nyingi mno. Niliyafuta, nikaweka vipande vya takataka za tanuru chini ya kioo cha kukuza, kila mgeni ajionee.

Mchangiaji wa nne, mhadhiri

Nitaongeza moja tu, kuhusu ualimu wa Ke Jun. Akiwa mzee alihimiza wanafunzi wasifungiwe mapema katika fani finyu, mmoja akijua kumimina metali tu na mwingine kuifua tu, bali wasome maarifa ya nyenzo zote kwa pamoja kwanza. Nilisomeshwa kwa njia ile finyu, na ilinichukua miaka mitano kazini kuzijua polima, yaani nyenzo kama plastiki na mpira, nilizopaswa kuzijua darasani. Ke Jun alifariki tarehe 8 Agosti 2017, akiwa na umri wa miaka 100. Wiki hiyo nilikuwa nikiandika upya mtaala wa mwaka wa kwanza, nikaweka metali, kauri na polima katika somo moja.