Kompyuta ya kaunta inaziona zenzake, zenzake haziioni

Mtoa mada: Wakuu habari. Nina duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta 3. Programu ya mauzo iko kwenye ya kaunta (Windows 10, inaendeshwa na XAMPP, kifurushi kinachoifanya kompyuta iwe seva). Stoo na ofisini wanaingia kwa brauza wakiandika 192.168.1.10, namba ya kaunta kwenye mtandao wetu. Juzi tumebadilisha ruta, tangu hapo stoo inazunguka weee mpaka inakata. Ajabu, kaunta ikiipingi stoo (kuipigia hodi mtandaoni) inajibiwa. Stoo ikiipingi kaunta, "Request timed out", yaani muda umeisha bila jibu. Leo wa stoo anaandika kwenye daftari. Natanguliza shukrani.

Mchangiaji 1: Zima fayawoli yote (ulinzi wa kompyuta dhidi ya mtandao), kazi kwisha.

Mchangiaji 2: Mkuu, usizime. Mashine hiyo ina mauzo yako na iko kwenye intaneti. Kwanza, ipconfig (amri inayoonyesha namba ya mashine) ya kaunta inasemaje? Ruta mpya huja na namba zake. Na ukiandika hiyo 192.168.1.10 hapo hapo kaunta, programu inafunguka?

Mtoa mada: Namba ni ile ile, niliiweka kwa mkono. Na hapo kaunta inafunguka vizuri.

Mchangiaji 2: Basi Apache, seva iliyo ndani ya XAMPP, ni mzima. Ingekuwa amelala, hata hapo kaunta isingefunguka. Wewe unapiga hodi, kimya. Huyo ni mlinzi wa getini, yaani fayawoli. Kwa Windows, ruta mpya ni mtandao mgeni. Fungua Settings, Network & Internet, kisha Properties ya huo mtandao. Nahisi utakuta "Public", yaani mtandao wa hadharani. Weka "Private", yaani mtandao wako mwenyewe unaouamini.

Mchangiaji 3: Naongezea: kama una antivairasi ya kununua, nyingi zina fayawoli yake. Na hiyo .10 itenge kwenye ruta, isije siku ikapewa simu ya mtu.

Mtoa mada: Ilikuwa Public kweli! Kijana wa kaunta anasema kulitokea swali pembeni mwa skrini, akabonyeza "No" ili liondoke. Stoo inapiga kazi. Ila laptopu ya ofisini bado.

Mchangiaji 2: Ya ofisini iko kwa waya au Wi-Fi? Wi-Fi ipi? Ile ya wageni kwenye ruta nyingi inatoa intaneti tu, haikuruhusu kugusa mashine za ndani.

Mtoa mada: Aisee. Nimejiunga na ya wateja, nikamfokea kijana wa watu bure. Imekubali.