Taa ya mbele ya pikipiki mpya inaungua mara kwa mara: waranti inahusika?

Mwuliza swali, Dodoma

Habari zenu wakuu. Nina pikipiki ya cc 125 niliyoinunua mpya kwa wakala, na waranti yake ya mwaka mmoja haijaisha. Kila nikibadilisha globu ya taa ya mbele haichukui muda inaungua tena, dimu na fulu kwa pamoja. Wakala anasema globu haimo kwenye waranti kwa sababu ni kifaa kinacholika, kama tairi na brekishuu, na kweli kitabu kimeandikwa hivyo. Hata hivyo, siamini kwamba globu nzima zinaweza kuungua mfululizo kwenye pikipiki mpya pasipo kasoro nyingine. Kwa kuwa narudi nyumbani usiku kwa barabara isiyo na taa, jambo hili linanitia hofu kubwa. Je, nina haki ya kudai?

Fundi umeme wa pikipiki

Ndugu, kuhusu globu wakala yuko sahihi, lakini unachopaswa kudai ni kile kinachoiunguza, na mimi naishuku regulata, yaani kifaa kinachozuia volti zisizidi kiwango. Katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haitumii betri. Hupata umeme kutoka kwenye koili za magneto (kinachozalisha umeme injini inapozunguka) kupitia regulata, ndiyo maana haiwaki mpaka injini iwake, na mwanga wake huongezeka ukivuta mafuta. Regulata ikiharibika, au waya wake wa erthi ukilegea, volti hupanda kadiri injini inavyozidi kuzunguka. Globu ya halojeni haivumilii hali hiyo: volti zikizidi kiwango chake kwa asilimia 5 tu, uhai wake hupungua kwa karibu nusu.

Mafundi wengi hupima kwenye betri, wakikuta volti 14 wanasema chaji ni nzuri. Kwa taa ya aina hii kipimo hicho hakitoshi. Testa (kipima volti) iwekwe upande wa AC, yaani umeme wa mkondo geu unaotoka kwenye magneto, na ipime kwenye soketi ya taa, globu ikiwaka na injini ikiwa kwenye mizunguko kama 5000 kwa dakika. Ikisoma kati ya 12 na 14, kagua soketi kama imeyeyuka au imelegea. Ikipanda hadi 16 na kuendelea, regulata haifanyi kazi yake. Pia kioo cha globu kisiguswe kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya ipate joto kupita kiasi mahali pamoja.

Mchangiaji aliyewahi kushughulikia madai ya waranti

Naongeza jambo moja ambalo huwaponza wateja wengi: usimruhusu fundi wa mtaani kukata waya wowote kabla wakala hajaiona pikipiki, kwa maana anayetaka kukataa dai hutafuta kwanza waya uliounganishwa upya. Nenda na risiti, kitabu cha sevisi na globu zilizoungua, uombe kipimo alichoeleza fundi kifanyike mbele yako na matokeo yaandikwe kwenye fomu ya kazi. Wakikataa kupima, waombe waandike sababu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa biashara atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi yake, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Ila bila karatasi utapata shida sana kuthibitisha madai yako.

Mwuliza swali, Dodoma

Nashukuru sana. Waya za pikipiki hazijaguswa na mtu, isipokuwa alamu iliyofungwa na duka lenyewe siku niliyonunua. Je, hilo linaweza kunikosesha waranti?

Mchangiaji aliyewahi kushughulikia madai ya waranti

Kama alamu imo kwenye risiti, hawawezi kukulaumu kwa kazi ya mikono yao. Kama haimo, hakikisha fomu ya kazi inataja kwamba wao ndio walioifunga, kabla hujawaachia pikipiki.