Mpwa wangu analima mchana kutwa na usiku anaingia barabarani na trekta: tuzungumze vipi na mwenye nalo?

Mjomba wa Igurusi aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri kuhusu mpwa wangu, kijana wa miaka 19, ambaye tangu mvua zianze anaendesha trekta la baba yake mdogo huku kwetu Usangu. Msimu wa kulima majaruba ya mpunga unapofika kila mwenye shamba anataka alimiwe leo hii, na trekta ni moja. Kijana huamka saa kumi alfajiri, hulima na kupiga haro, yaani kuvunja mabonge ya udongo, mpaka giza linaingia, kisha hulazimika kufuata barabara kuu ya TANZAM ili alifikishe trekta kwenye shamba la kesho yake. Analipwa kwa ekari, kwa hiyo hakuna anayemshurutisha kwa mdomo, lakini asipolima hapati kitu. Baba yake mdogo naye anadaiwa mkopo wa trekta hilohilo, na marejesho yanategemea miezi hii michache.

Juzi usiku alipita nyumbani kula. Nilimwona akisinzia na tonge mkononi, na mama yake alipomgusa bega alishtuka, akakandamiza mguu wa kulia sakafuni kana kwamba anatafuta breki. Trekta alikuwa ameliegesha kando ya lami, na jembe la sahani nyuma yake lilikuwa limejaa tope. Taa moja ya nyuma ilikuwa imezibwa kabisa na tope hilo, na nyingine ilikuwa haiwaki. Utingo wake, ambaye ni mdogo kuliko yeye, alikuwa amekaa juu ya madigadi akiwa na tochi ya simu ili kuwaonyesha wenye malori yaendayo Tunduma kwamba mbele yao kuna kitu.

Sitaki kuvunja undugu, na sitaki kijana apoteze kazi inayomnunulia mdogo wake sare na madaftari. Je, sheria inaweka kikomo cha saa kwa mtu anayelipwa kwa ekari? Na huyu shemeji yangu nimwanzeje?

Dereva Mstaafu, Chimala alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Nitaanza na barabara, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri kikao cha familia.

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa likikuta trekta linalokwenda kilomita 20, linalikaribia kwa takribani mita 17 kila sekunde. Kama dereva wa lori ameliona trekta likiwa mbele yake mita 100, amebakiwa na sekunde 6 tu za kutambua kile ni nini, kukanyaga breki au kuhama upande, na huenda upande wa pili kuna basi linakuja. Tochi ya simu haimpi hizo mita 100. Taa za nyuma zifanye kazi, zisafishwe kabla trekta halijapanda lami, na viakisi mwanga vyekundu vifungwe mahali ambapo jembe likiinuliwa haliviziba. Tope nalo likwanguliwe shambani, kwa maana likidondoka barabarani linamtelezesha mwenye bodaboda anayekuja nyuma.

Jambo la pili ni breki. Trekta lina pedeli mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine ya kulia, ili shambani dereva aweze kukata kona fupi. Kabla ya kuingia barabarani pedeli hizo lazima ziunganishwe kwa kile kipini chake. Kijana aliyechoka husahau, na siku atakapokanyaga ghafla akiwa kwenye mwendo atabana gurudumu moja na trekta litamgeukia. Akiwa anavuta tela lililojaa magunia ya mpunga, asitoe gia kwenye mteremko hata mara moja, kwa sababu tela lisilo na breki zake humsukuma mpaka akashindwa kulishika.

Utingo ashuke kwenye madigadi. Hapo si mahali pa kukaa mtu, barabarani wala shambani. Kiti ni kimoja kwa sababu trekta hilo limetengenezewa mtu mmoja.

Kuhusu usingizi, watafiti walikwisha kulipima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia mambo kwa uzito unaolingana na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Mpwa wako akiamka saa kumi alfajiri, saa tatu usiku amekwisha kufika hapo. Mlevi tungemnyang'anya ufunguo.

Msaidizi wa Sheria, Iringa aliandika:

Ndugu Mjomba, kikomo kipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6. Ukijumlisha na saa za ziada, mtu hapaswi kuvuka saa 12 kwa siku, na saa za ziada zenyewe hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na kwa kawaida kati ya siku moja ya kazi na nyingine awe na saa 12 za kupumzika.

Wengi huamini kwamba anayelipwa kwa ekari si mwajiriwa bali ni kibarua wa makubaliano tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inaelekeza tofauti. Mtu anayetumia vifaa vya mwenye kazi, anayepangiwa kazi na mwenye kazi, na ambaye riziki yake inamtegemea huyo mmoja, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwenye kazi athibitishe vinginevyo. Trekta ni la nani? Anayepanga shamba la kesho ni nani? Majibu unayo.

Umesema utingo ni mdogo kuliko kijana. Tafadhali hakikisha umri wake leo. Kama hajatimiza miaka 18, sheria inakataza kumwajiri katika kazi ya hatari, na kilimo kimetajwa humo waziwazi.

Shemeji yako pia ana jambo la kumlinda yeye mwenyewe. Mwajiri akijiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, mfanyakazi akiumia kazini matibabu na fidia hutoka kwenye mfuko. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye ujira wa kijana. Kwa mtu mwenye mkopo shingoni, hoja hii huenda akaisikia mapema kuliko hoja ya saa 9. Nisingekushauri uanzie kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, wakati bado mnaketi meza moja.

Mwenye Trekta, Ubaruku alijibu:

Mimi nipo upande wa shemeji yako, kwa maana ya kwamba na mimi nina trekta na nina deni. Nakubaliana na waliotangulia, ila naona kuhamahama usiku kunatokana na namna tunavyopokea oda. Tukipokea kwa kufuata aliyepiga simu kwanza, leo tupo mashariki mwa skimu ya umwagiliaji, kesho magharibi, keshokutwa tunarudi tulikotoka. Siku hizi napokea kwa eneo. Wenye majaruba yanayopakana wanajiandikisha pamoja, trekta linaingia hapo na halitoki mpaka eneo limeisha. Jioni linalala shambani na mlinzi, na dereva anarudi kwao kwa bodaboda. Dizeli iliyokuwa ikiteketea barabarani ndiyo inayomlipa mlinzi.

Pia nina madereva wawili katika miezi ya kulima, wanapokezana saa saba mchana. Malipo ya ekari ni yaleyale, ila nimeongeza posho ndogo ya kila siku isiyotegemea ekari, ili dereva asione kila saa ya kupumzika kama hasara. Ekari zinazolimwa kwa siku hazikupungua, kwa sababu mtu mwenye nguvu harudii mistari na hagongi matuta.

Dereva Mstaafu, Chimala aliongeza:

Hilo la eneo nimelipenda mno. Ongezeni na fremu ya kinga iliyo nyuma ya kiti. Vijana wengi huiondoa ili wapite chini ya miti, na ukingo wa mfereji ukiporomoka na trekta likalala ubavu, fremu hiyo ndiyo inayomwachia dereva nafasi ya kuishi. Sweden iliilazimisha kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua sana.

Mjomba wa Igurusi alijibu:

Nawashukuru sana. Utingo nimemuuliza: ana miaka 16, na tumekubaliana na mama yake kwamba haendi tena. Taa zote mbili fundi wa umeme amezirudisha leo, gharama nimelipa mimi ili shemeji asipate pa kukatalia. Jumapili baada ya ibada tunakutana kwake, mimi, dada yangu na kijana mwenyewe. Nitaanza na utaratibu wa oda kwa eneo, kisha Mfuko wa Fidia, na za saa nitazitaja iwapo atauliza. Ndugu wa Ubaruku, nakuomba jambo moja: kama hutajali, niruhusu nimpigie simu shemeji akiwa mbele yangu akusikie wewe mwenye trekta mwenzake ukimweleza jinsi ulivyogawana ekari na madereva wako wawili.

Mwenye Trekta, Ubaruku alijibu:

Piga baada ya saa nane. Asubuhi nitakuwa kanisani na mimi.